Kutengeneza video ya wimbo kwa kazi ya chuo: mwongozo kamili kwa wanafunzi wa Mombasa

Video nyingi za wanafunzi huharibika kabla kamera haijawashwa. Kundi linakaa kantini, mmoja anataja droni, mwingine gari la kukodi, wa tatu anasema "tupige ufuoni jua likizama", na wiki mbili baadaye wote wako Nyali, maji yamejaa hadi ukutani, jua limeshapotea nyuma ya minazi na mwimbaji hana uhakika ubeti wa pili unaanzia wapi. Hapo hakijakosekana kitu cha pesa. Imekosekana karatasi moja, karatasi ya wimbo. Mwongozo huu unaizunguka karatasi hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayowaambia mpige nini, wapi na saa ngapi, na ndiyo mtakayoikimbilia usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Wimbo na haki zake

Chagueni wimbo wa msanii mnayeweza kumfikia kwa matatu moja. Mombasa imejaa wasanii wa namna hiyo: vijana wanaofoka Majengo na Kisauni, bendi za bango zinazopiga harusini, vikundi vya chakacha na mwanzele, waimbaji wa kaswida. Msanii mwenye jina kubwa atawapa saa mbili na ataangalia simu muda wote huo. Msanii wa mtaani anayehitaji video yake ya kwanza atafika kabla yenu na atarudia shoti ya kumi bila kununa.

Kabla ya kuupenda wimbo sana, ulizeni ni wa nani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo uliorekodiwa una haki zaidi ya moja. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na lahani, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ambayo huenda iko mikononi mwa studio au aliyelipia kurekodi. Mnahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Kuna na la tatu ambalo wengi hulisahau: biti, yaani mdundo anaoimbia msanii. Kama msanii aliipakua biti mtandaoni, mwambieni awaonyeshe leseni yake. Biti nyingi huuzwa kwa masharti, na mtu mwingine huko duniani anaweza kuwa ameinunua biti hiyohiyo kwa haki zote. Mkishaipandisha video YouTube, mfumo wao wa kutambua sauti utawakumbusha.

Ruhusa iandikwe. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, majina ya wenye haki, kwamba wanakubali wimbo uunganishwe na picha, video itaonyeshwa wapi (darasani tu, tamashani, mtandaoni), na kama itaingiza pesa zitagawanywa vipi. Watie saini, nanyi mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Siku hiyohiyo ombeni faili la wimbo la WAV (sauti isiyobanwa) kutoka studio, na ala tupu kama ipo. Wimbo uliopitia WhatsApp umeshabanwa, na kwenye spika kubwa za ukumbini utasikika umechoka.

Karatasi ya wimbo

Kaeni pamoja, zimeni simu, msikilize wimbo mara kadhaa bila kuzungumza. Kisha mmoja ahesabu mapigo. Tuseme wimbo wenu una mapigo 100 kwa dakika, mapigo manne kwa kila baa. Pigo moja ni sekunde 0.6, baa moja ni sekunde 2.4. Mkipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, baa moja ni fremu 60 kamili. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 una baa 80. Sasa mna kipimo. Hamsemi tena "hapo katikati tuweke kitu kizuri". Mnasema baa ya 53 hadi ya 60 hakuna anayeimba, kwa hiyo tunahitaji sekunde 19 za picha zisizo na midomo.

Chukulia mfano ambao nitautumia hadi mwisho: wimbo wa kijana anayemwimbia mama yake, mama anayeishi Likoni na kuvuka kila alfajiri kwenda kuuza viazi karai Mwembe Tayari. Karatasi yake inaweza kuwa hivi:

0:00–0:10, utangulizi, baa 4. Mkono unawasha jiko gizani. Jikoni, alfajiri.
0:10–0:48, ubeti wa kwanza, baa 16. Kijana anaimba ameketi kizingitini; nyuma yake mama anajifunga leso, anapanga vyombo.
0:48–1:07, kiitikio, baa 8. Kijana peke yake ukutani, kamera inamsogelea polepole.
1:07–1:46, ubeti wa pili, baa 16. Uchochoroni, anatembea na ndoo ya mama, watu wanapishana naye.
1:46–2:05, kiitikio, baa 8. Ukutani tena, karibu zaidi.
2:05–2:24, ala tupu, baa 8. Mafuta yanachemka, kiazi kinachovywa kwenye unga, noti iliyokunjwa, miguu.
2:24–3:02, kiitikio cha mwisho, baa 16. Kijana anaimba mbele ya maji jioni. Kwa mara ya kwanza mama anamtazama.
3:02–3:12, hitimisho, baa 4. Jiko linazimwa.

Kando ya kila mstari ongezeni safu tatu: mahali, saa ya siku, na nani anahitajika. Mkimaliza mtakuwa na ratiba, orodha ya shoti na hesabu ya nauli kwa pamoja, bila kuvitafuta.

Tazameni pia karatasi hiyo inavyolazimisha mambo. Mama hatazami kamera wala mwanawe mpaka dakika ya pili na sekunde 24. Uamuzi mdogo kama huo ndio hadithi yote. Wanafunzi wengi hutafuta hadithi kwa kuongeza: wapenzi wawili, ugomvi, ajali, ndoto. Video ya dakika tatu haibebi hayo. Mimi hupendelea wazo linaloweza kuandikwa kwa sentensi moja isiyo na neno "halafu".

Hesabu ya mwisho kwenye karatasi ni ya shoti. Mkikata kila baada ya baa mbili kwa wastani, wimbo wa baa 80 unataka shoti 40. Karibu nusu zitatoka kwenye uimbaji, ambao mtaupiga mfululizo. Zinabaki 20 za kupanga moja moja. Kila moja ikiwachukua dakika 10 kuiweka sawa na kuirudia, hizo ni dakika 200, saa tatu na dakika 20, kabla ya kula na kabla ya kuhama. Hapo mtajua kama siku moja inatosha, au kama mpunguze sehemu. Punguzeni sehemu.

Mahali na ruhusa

Wimbo wa mfano unahusu kuvuka, na wazo la kwanza litakalowajia ni kupiga ndani ya feri. Acheni. Kivuko cha Likoni na bandari ya Kilindini ni maeneo ya ulinzi. Kupiga picha huko bila kibali kutawaingiza mashakani na askari, na maelezo ya kazi ya chuo hayatawasaidia. Kizuizi hiki kinaweza kuwanufaisha. Onyesheni saa ya ukutani, ndoo iliyofunikwa leso, ndara zinazovaliwa gizani, mama akishika mtandio upepo ukimpiga. Feri haionekani hata mara moja, na mtu yeyote wa Mombasa atajua mama yuko wapi.

Sehemu nyingine zina wenyewe. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kuta zake za mawe ya matumbawe hazitaki taa iliyoegemezwa wala utepe wa gundi. Mkiitaka, andikeni barua mapema kupitia chuo na mjiandae kulipa. Pembe za Moi Avenue kila mtu ameshazipiga, na magari hayatawapa nafasi, zipiteni. Ufuo wa umma una watu wengi wikendi, basi nendeni siku ya kazi asubuhi.

Kuhusu sheria ya filamu: Sura ya 222 ya sheria za Kenya inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa ili kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Zoezi linalobaki darasani ni jambo moja, na video ya msanii inayokwenda YouTube ni jambo jingine. Ombeni chuo kiwaandikie barua ya utambulisho, mwende nayo kuuliza ofisi zinazohusika wiki kadhaa kabla ya kupiga. Barua hiyo mtaishika pia mkononi siku yenyewe. Yenye muhuri wa chuo, huwatuliza watu haraka. Droni nazo zina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na katika mji wenye uwanja wa ndege, bandari na kambi ya wanamaji, hazifai kuwa tegemeo la kazi ya mwanafunzi.

Sasa Mji wa Kale, ambako karibu kila kundi linataka kupiga. Kwanza ni mtaa wa watu, kisha ndiyo mandhari yenu. Nendeni siku chache kabla bila kamera, mkawasalimu wazee wanaokaa barazani. "Shikamoo babu. Sisi ni wanafunzi wa chuo, tunaomba kupiga wimbo hapa Jumamosi, kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Hatutafunga njia." Semeni saa na muiheshimu. Msielekeze kamera kwenye milango iliyo wazi wala roshani, na akina mama wanaopita waulizwe au waachwe wapite. Mavazi ya mwimbaji na wachezaji yaheshimu mtaa. Adhana ikianza, spika inazimwa palepale, na Ijumaa kuanzia saa sita mchana msipange kitu. Mwezi wa Ramadhani shoti za mafuta yanayochemka mchana ziahirisheni.

Kila anayeonekana kwa kutambulika atie saini karatasi ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake, na kwa mtoto anayeridhia ni mzazi au mlezi. Watoto wa mtaa watajipanga mbele ya kamera kwa furaha. Wazazi wao wasipopatikana, pigeni miguu yao na mpira.

Jua, maji na upepo

Hapa ndipo pwani inapowashinda wageni, na wenyeji wengi pia. Fuo za Nyali na Bamburi zinatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na huzama nyuma ya nchi kavu, na jioni vivuli vya minazi na hoteli hufunika mchanga mapema, muda mrefu kabla ya saa kumi na mbili. Anayetaka jua juu ya bahari aamke alfajiri. Anayetaka machweo juu ya maji ahamie upande wa pili: ukisimama ufuoni Mkomani ukaangalia kisiwani, jua huzama nyuma ya Mji wa Kale, na mkono wa bahari uko katikati. Kiitikio cha mwisho cha mfano wetu ningekipiga huko.

Tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua halichelewi kupanda wala kuzama. Mwaka mzima huchomoza na kuzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Mwanga wa dhahabu ni mfupi. Mkianza kufunga tripodi wakati anga limeshakuwa jekundu, mmechelewa. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko utosini na macho ya mwimbaji yanakuwa mashimo meusi. Saa hizo pigeni ndani, au chini ya mti wenye kivuli kizito. Asubuhi ya saa mbili hadi saa nne vichochoro vya Mji wa Kale ni zawadi: jua halijafika chini, lakini kuta zilizopakwa chokaa zinaurudisha mwanga usoni ukiwa laini kabisa, bila taa hata moja.

Maji nayo yana ratiba. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa mnamo saa nne au tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni, ndiyo maana kundi lililopanga kucheza mchangani jioni ya mwezi mpevu hukuta hakuna mchanga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, alasiri maji yako chini. Tafuteni jedwali la maji la Kilindini, na mkipata mvuvi mumuulize. Atawajibu bila kuangalia simu.

Msimu pia. Mvua za masika, zikikolea zaidi mwezi wa Mei, huweza kula wiki nzima ya ratiba. Kusi ikivuma, leso na nywele zitaruka na mchanga utaingia kwenye lenzi. Upepo mkipanga nao ni mzuri, kwani mtandio unaoruka ni mwendo wa bure kwenye fremu. Wekeni siku ya akiba kwenye ratiba tangu mwanzo, na msanii na mwenye nyumba waijue.

Watu, vifaa na pesa

Watu sita wanatosha. Mwongozaji, mpiga kamera, mtayarishaji anayeshika ratiba na ruhusa na pesa, mmoja wa mavazi na vitu vya kwenye fremu, mmoja wa taa na mikono ya ziada, na mmoja wa spika. Huyu wa spika msimdharau. Ndiye anayeanzisha wimbo mahali panapotakiwa, anayeita namba ya shoti na kupiga kofi mbele ya kamera, na anayeandika daftarini: shoti ya 7, jaribio la 3, nzuri, midomo imekosea baa mbili za mwisho. Daftari hilo linaokoa siku nzima ya kuhariri.

Simu nzuri inatosha kwa kazi hii mkiidhibiti. Tumieni programu inayowaruhusu kufunga mambo wenyewe, kama Blackmagic Camera au Open Camera. Fungeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu stima ya Kenya ni ya hezi 50 na taa za nyumbani zitapepesa picha mkitumia 1/60. Fungeni rangi ya mwanga, na mfunge fokasi. Kisha mwanga: kamera ikiachiwa iamue yenyewe mbele ya ukuta mweupe, itautunza ukuta na kuufanya uso wa mwimbaji kuwa kivuli. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akisimama na aliyevaa buibui jeusi huichanganya zaidi. Gusa uso kwenye skrini, pima hapo, funga hapo. Kanzu ikipoteza mikunjo yake kidogo hakuna atakayelalamika. Uso ukipotea, wimbo umepotea. Juani 1/50 itakuwa na mwanga mwingi mno, basi pateni kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, au rudini kivulini.

Vifaa vingine viko mtaani. Shuka jeupe au chandarua kikining'inizwa dirishani hulainisha jua. Ubao mweupe wa boksi la kubebea samaki, ukioshwa vizuri, hurudisha mwanga usoni. Mkokoteni wa hamali wenye matairi yaliyojaa upepo, ukisukumwa polepole na anayeujua, hutoa shoti ya kusogea inayolingana na ya reli za kukodi. Mlipeni mwenyewe kwa muda wake. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ipeni muda ndani ya begi lake lililofungwa izoee joto, la sivyo lenzi itaingia ukungu. Chumvi ya ufuoni ifuteni jioni ileile.

Bajeti ianze na chakula. Mahamri na mbaazi na chai asubuhi, maji ya kutosha mchana, chakula kizito saa saba. Watu wenye njaa huanza kugombana mnamo saa nane, na itaonekana usoni mwa msanii. Baada ya chakula ni nauli, kukodi spika au taa, kitu cha shukrani kwa mwenye nyumba, na akiba ya asilimia 15. Hesabuni pia nafasi ya kuhifadhi: video ya megabiti 50 kwa sekunde inakula gigabaiti 22.5 kwa saa.

Siku ya kupiga

Msipange sehemu mbili za siku moja pande mbili za kivuko. Foleni ya feri hamuipangi nyinyi. Kwa mfano wetu, jikoni na uchochoro ningevitafuta upande mmoja na Mkomani, hata kama hadithi inasema Likoni. Jikoni ya Kisauni ina jiko lilelile.

Saa kumi na moja alfajiri mnawasha jiko. Pigeni shoti za jikoni kabla hakujapambazuka, kisha ubeti wa kwanza kizingitini mwanga ukiingia. Saa mbili mko uchochoroni. Saa nne mnarudi ndani: shoti za mafuta, viazi, mikono, na kiitikio cha ukutani upande wenye kivuli. Saa saba mnakula na kupumzika kwelikweli. Saa kumi mnakwenda majini, mnaweka kila kitu tayari, mnangoja mwanga.

Uimbaji upigeni hivi. Mwanzoni mwa faili la wimbo wekeni milio mitatu yenye kasi ya wimbo, ili msanii ajue aingie wapi. Spika iwe kubwa kiasi cha msanii kuimba kwa sauti yake yote, kwa maana anayechezesha midomo bila kutoa sauti huonekana: shingo haikazi, kifua hakipandi. Kamera nayo irekodi sauti, hata mbaya, kwa sababu ndiyo mtakayolinganishia baadaye. Spika iwe karibu na kamera na msanii kwa pamoja. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na ikiwa spika iko mita 27 kutoka kwenye kamera, sauti itarekodiwa fremu mbili nyuma, nanyi mtashinda usiku mkijiuliza kwa nini midomo haikubali.

Pigeni wimbo mzima toka mwanzo hadi mwisho kwa upana wa aina tatu: mwili mzima, kiunoni kwenda juu, na uso. Kila mmoja mara mbili. Hata mvua ikinyesha saa sita, mnayo video. Baada ya hapo ndipo mfuate vipande vya karatasi.

Mkitaka mwendo wa polepole huku midomo ikifuata wimbo, tengenezeni nakala ya wimbo yenye kasi mara mbili, programu ya sauti ya Audacity inaifanya bure. Pigeni kwa fremu 50 na shata 1/100, msanii aimbe kwa kasi hiyo ya kuchekesha, na mkiipunguza kwa nusu kwenye kuhariri, mwili utaelea na midomo itakuwa sawa. Msanii afanye mazoezi nyumbani siku moja kabla, kwani maneno ya haraka humshinda hata aliyeyatunga.

Kila mnapohama, mtayarishaji anakagua karatasi na kusoma kwa sauti kilichobaki. Jioni, kabla mtu hajaoga, nakilini kila kitu mara mbili kwenye vifaa viwili tofauti, fungueni mafaili matatu manne muhakikishe yanacheza, na nakala moja ilale nyumba nyingine.

Kuhariri

Simu nyingi hurekodi kwa fremu zinazopanda na kushuka bila kuwaambia, na baada ya dakika mbili midomo inaanza kuachana na wimbo. Pitisheni mafaili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, kwanza yawe na kasi moja ya fremu 25. Kisha fungueni mradi, DaVinci Resolve toleo la bure linatosha, na kama kompyuta ni dhaifu tengenezeni nakala nyepesi za kuhariria.

Wekeni WAV ya studio chini, ifungeni isisogee. Weka alama kila sehemu kwa kufuata karatasi: 0:10, 0:48, 1:07 na kuendelea. Panga majaribio yote ya uimbaji juu yake kwa tabaka, yakilinganishwa kwa kofi na mawimbi ya sauti. Chagueni hapo, baa kwa baa, nani anaonekana vizuri zaidi. Mhariri atoe kwanza video ya uimbaji mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Itachosha kidogo, na sehemu zinazochosha ndizo zinazodai mama, mafuta na miguu.

Kukata kila pigo ni ugonjwa wa mwanzo. Jicho likishajua mtakata lini, linaacha kutazama. Katika ubeti fuateni pumzi ya mwimbaji. Acheni shoti ya uso ikae baa nne akiimba mstari mzito. Katika ala tupu ndipo mkate kwa kasi ya ngoma. Mkikata juu ya pigo, jaribuni kukata fremu moja au mbili kabla yake, mara nyingi hukubali zaidi. Shoti nzuri isiyo na kazi itoeni, hata ile ya mkokoteni.

Rangi ianze usoni. Linganisheni ngozi ya mwimbaji kati ya alfajiri, uchochoro na jioni iwe ya mtu yuleyule, ndipo mfikirie rangi za kupendeza. Vichujio vya kuwafanya watu weupe zaidi msiviguse. Tazameni video kwenye simu ya bei nafuu juani na kwenye televisheni, kwa kuwa huko ndiko itakakotazamwa.

Kisha itazameni mara moja bila sauti kabisa. Hadithi ya mama na mwana ionekane bado.

Kuwasilisha

Toeni faili la 1080p, fremu 25, H.264, karibu megabiti 10 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 utakuwa na takriban megabaiti 240, basi nunueni bando mapema. YouTube huchukua muda kuandaa ubora wa juu baada ya kupandisha, kwa hiyo pandisheni usiku wa kabla, msingoje asubuhi ya darasa. Kwa mhadhiri tumeni kiungo au mpeleke kwenye flashi. Mkiituma WhatsApp kama video ya kawaida itabanwa hadi uso wa mama uwe ukungu.

Pamoja na video wekeni karatasi ya wimbo ya mwanzo na ile iliyobadilika, ruhusa zote, daftari la shoti, na bajeti mliyopanga kando ya mliyotumia. Pale mlipobadili mpango, elezeni sababu kwa mstari mmoja: maji yalijaa, mama aliumwa, uchochoro ulikuwa na msiba. Majina kwenye orodha ya mwisho yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika, mwenye jikoni akiwemo, na mwenye mkokoteni. Msanii apewe faili kamili lenye ubora wa juu, si kiungo tu. Mradi wenyewe na picha zote msizifute mpaka alama zitoke na msanii awe ameridhika, maana atakuja kuomba kipande cha sekunde 30 cha kuweka kwenye simu, na kitamfaa kuliko video nzima.